Mkuu wa Njia Hayupo

Jumapili, 2 Februari

Nimefanya! Leo, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, watu mia moja na arobaini, nimenyoosha mkono na kumpendekeza mwanangu Nahúm awe Mkuu wa Njia za Baiskeli.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nahúm yuko kaskazini, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa kumi na moja sasa, anaezeka mapaa ya watu. Kila mtu anajua. Mwenyekiti wetu, Doña Hermelinda, akaniuliza taratibu kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akauliza tena. Nikasema mwanangu ana miaka thelathini na minne, hajakitumikia kijiji hata siku moja, na sheria ni sheria. Watu wakapiga makofi. Labda yalikuwa ya mshangao, lakini makofi ni makofi.

Sheria yetu hapa Santa Rufina, milimani Oaxaca, haina mchezo. Ukichaguliwa, unakuja. Uwe mjini, uwe ng'ambo, unarudi kutumikia mwaka wako bila malipo, kama walivyofanya baba zetu. Nahúm amepewa mpaka mkutano wa tarehe mbili Machi: afike mwenyewe, au aandike kwa mkono wake kwamba anakuja na siku ya kufika. Asipofanya hivyo jina linafutwa kwenye orodha. Hana kiwanja, hana kura, na siku akifa hana hata shimo kwenye makaburi yetu, karibu na mama yake.

Hawezi kukubali hilo. Namjua. Kwa hiyo atakuja, na mimi nitakuwa na mtoto nyumbani.

Miaka kumi na moja nimembembeleza kwa upole. Barua, simu, mishumaa kanisani. Upole umeshindwa. Sasa ni mtego.

Aliyeniunga mkono ni Teódulo, tena kwa sauti kubwa mno. Yeye ndiye baba wa ubatizo wa Nahúm, ndiyo maana tunaitana kompadre. Vinginevyo ningemwita jina jingine. Anamaliza mwaka wake kama mkuu wa njia na anatembea kama mtu aliyeuumba mlima. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza: "Kompadre, mtoto atakuja kweli, au utatuletea picha yake tuishikishe beleshi?"

Acheke tu. Mwezi si mrefu.

Jumanne, 4 Februari

Simu inashika mahali pamoja tu: Msalabani, juu kileleni kwenye misonobari, pale njia ya baiskeli inapoanzia. Saa moja na nusu ya kupanda. Nilipofika nikakuta watu tisa wamenyoosha simu juu kama wanaomba mvua. Foleni!

Nilikuwa nimefanya mazoezi njiani. Sauti ya huzuni, ya baba aliyezidiwa nguvu. Nikampata Nahúm, nikamwambia kijiji kimemchagua. Wote, kwa kauli moja. Mimi nilipinga sana, nikasema mtoto yuko mbali, wakanizomea. Mungu anisamehe, nilipofika kwenye kuzomewa nilikuwa najiamini mwenyewe.

Nikasikia nyundo za wenzake huko paani. Kisha akasema najua fika kwamba hana karatasi. Akitoka kule harudi. Maribel mkewe na mtoto atawaachia nani? Mtoto ni Yaretzi, mjukuu wangu, ana miaka saba. Sijawahi kumshika hata kidole.

Nikamwambia mpaka ni mambo ya serikali, na serikali hubadilika. Nikamwambia waje wote watatu. Chumba cha pili kinalala nani? Mahindi ya mbegu!

Akasema atafikiri.

Atafikiri! Nimeshuka mlima nikiimba. Mtu anayefikiri ameshakubali nusu. Asiyetaka husema hapana palepale, kama mama yake alivyonikataa mara mbili kabla ya kunikubali.

Alhamisi, 6 Februari

Kuna kipengele nilikisahau.

Saa kumi na mbili asubuhi mgambo wawili wako mlangoni na fimbo zao za madaraka. Nikawauliza kuna nini. Wakasema mashindano ya baiskeli ni tarehe moja Machi, njia imejaa miti iliyoanguka, na mpaka mkuu atakapofika ndugu yake wa damu anashika zamu. Nikauliza ndugu gani. Wakatazamana. Mmoja akasema, kwa heshima kabisa, "Mzee Eladio, ni wewe. Hana mwingine."

Nina miaka sitini na mitatu! Nimeshatumikia zamu zote. Nimekuwa mgambo, mpiga kengele, mlinzi wa msitu, mgawa maji. Miaka mitatu iliyopita walinipa karatasi ya kustaafu nikaitia kwenye fremu. Nikawaonyesha. Wakaisifia fremu. Halafu wakaniambia nichukue kofia.

Teódulo alikuwa ananisubiri kwenye banda la zana kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Akanikabidhi kitu kimoja kimoja: mabeleshi kumi na manne, sururu tatu, reki mbili, toroli moja lisilo na gurudumu. Kila kimoja nitie sahihi. Nilipofika kwenye toroli nikauliza gurudumu liko wapi. Akasema hilo ni swali la mkuu mpya, nimuulize mkuu mpya.

Nimeandika: Eladio Yescas, kwa niaba ya Mkuu. Kisha nimechimba mpaka jioni. Mgongo unalia. Lakini nikifikiri vizuri, ni heri. Nahúm akifika atakuta kazi imesonga, hatachoka siku ya kwanza na kupata wazo la kuondoka.

Jumapili, 9 Februari

Msaragambo! Watu arobaini na wawili chini ya amri yangu, yaani ya Nahúm, na mimi ni mdomo wake. Nimewapanga kama jenerali.

Njia yetu ni ileile ya zamani ya nyumbu. Mimi mwenyewe nimepita nayo miaka ishirini nikishusha kahawa, kabla ya barabara. Inatoka Msalabani, inashuka kwenye misonobari, inaingia msitu wa mialoni yenye ukungu na ndevu za kuvu, inapita nyuma ya makaburi, halafu inateremka bondeni hadi mtoni. Sasa badala ya nyumbu ni vijana wenye helmeti wanaotoka mbali kuja kuvunjika mikono kwa hiari yao. Sisi tunawalisha na kuwalaza. Dunia ina mengi.

Sasa mpango wangu. Nahúm akija atahitaji sababu ya kubaki. Na sababu nzuri ni kazi. Mikono yake inajua vyuma. Kama njia ingepita mbele ya mlango wangu, basi kila mwendesha baiskeli aliyepata pancha, aliyekatikiwa mnyororo, angeanguka moja kwa moja kwenye karakana ya mwanangu. Kinachotakiwa ni kuisogeza njia mita mia mbili tu. Nikawaambia watu udongo wa upande wangu ni mgumu zaidi, wataalamu wamesema. Wakauliza wataalamu gani. Nikasema wa mjini.

Walichimba vizuri. Nikawaelekeza wajenge kona yenye ukingo wa juu, ya kupindia kwa kasi, sawasawa na mlango wangu. Nikashika sururu mwenyewe nipige pigo la mwisho, kama padri anayebariki.

Maji yakaruka mpaka kwenye paa.

Bomba! Bomba la kijiji kutoka chemchemi! Na ni mimi niliyekuwa mgawa maji, mimi niliyelizika hapo mwaka wa tetemeko! Nimesahau nilipolizika kwa mkono wangu. Nusu ya kijiji haina maji, ikiwemo nyumba ya Teódulo. Alikuja na sabuni kichwani. Alisimama tu nimtazame vizuri.

Jumanne, 11 Februari

Hukumu: mpaka bomba litengenezwe, nibebe maji nyumba zote nilizozikausha. Ndoo mbili, mti begani. Nilifika kwa Teódulo mwisho, makusudi.

Hakuwepo. Alikuwepo komadre Eustolia, mkewe. Akanipokea ndoo, akaniketisha jikoni, akanipa kahawa na mkate. Nikajua ana neno. Eustolia akikupa mkate kabla hujaomba, ana neno.

Akaniuliza Nahúm hajambo. Nikasema anafikiri. Akasema alimshika mtoto yule kwenye maji ya ubatizo akiwa mwepesi kama paka, na haipiti wiki bila kumwombea. Kisha akaniambia nimuache. "Kompadre, huko ana mke, ana mtoto. Unamvuta mkono mmoja, na wenzake wanamvuta mwingine. Mtu si nguo ya kukamua."

Nikamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa na wako nyumbani. Mtoto wake Abdías amerudi. Ametumikia zamu yake. Anakula hapa kila siku.

Akasema Abdías hakurudi, alirudishwa. Walimkamata kazini, wakamshusha mpakani na nguo za mwilini. Mwanawe wa kiume kabaki kule, sasa ana miaka mitano. Kila jioni Abdías anapanda Msalabani na baiskeli kumpigia simu. Watu wanadhani anafanya mazoezi.

Nikamaliza kahawa. Ilikuwa nzuri, nikaogopa kuisifia.

Njiani nimefikiri sana. Eustolia ni mwanamke mwenye busara, lakini hesabu yake ina kasoro. Abdías aliacha familia. Nahúm atakuja na familia. Ni jambo tofauti kabisa.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye bandeji.

Wazo lilikuja Alhamisi nikikata mti ulioanguka. Nahúm amesahau. Miaka kumi na moja kwenye mapaa ya bati, atakumbukaje harufu ya misonobari? Nikimwonyesha njia yote, kutoka kileleni hadi mtoni, moyo wake utavunjika na miguu itafuata. Filamu! Simu kifuani, mimi juu ya baiskeli, nikimweleza kila mahali.

Abdías akaniazima baiskeli yake. Akaniuliza nimewahi kuendesha. Nikasema nimeendesha nyumbu miaka ishirini. Akasema nyumbu ana akili, hii haina. Akanionyesha breki: ya kushoto ya mbele, ya kulia ya nyuma, ya mbele usiibane ghafla. Akarudia mara tatu. Teódulo alikuwa pale na akatupia methali yake: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia mkuu ni mwanangu, na hajasema kitu.

Nilianza vizuri. Naapa. Kwenye misonobari nikawa naongea kwa sauti ya redio: Nahúm, hapa ulimwona kulungu. Nahúm, hapa nyumbu alikutupa ukalia kwa sababu ya kofia, si kwa sababu ya goti. Kisha mteremko ukaanza na baiskeli ikaacha kunisikiliza. Mialoni ikapita. Ukungu ukapita. Kuku wa mtu akapita, yeye akienda juu.

Nyuma ya makaburi kuna jiwe bapa. Ofelia, mke wangu, alikuwa anapumzika pale na kuni zake. Miaka thelathini, jiwe lilelile. Sasa miaka sita yuko upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimepanga kusimama hapo taratibu na kumwonyesha Nahúm, kwa sababu hakuuona msiba wa mama yake, hajui hata alipolala. Nikaliona jiwe linanijia. Nikabana breki. Ya mbele.

Niliruka juu ya usukani nikatua kwenye mkonge wa Teódulo, ule anaokuza kwa ajili ya meskali, pombe yake kali. Miiba ishirini na mitatu. Eustolia ndiye aliyeihesabu akiing'oa, na sitasema ilikuwa wapi.

Abdías akanionyesha filamu. Hakuna njia, hakuna misonobari. Ni kifungo changu cha shati dakika tisa, kisha mbingu. Sauti tu ndiyo imetoka vizuri. Mwishoni unasikia breki, halafu mimi nikiita Ofelia, Ofelia, kwa sauti ambayo sikujua bado ninayo. Halafu kuku.

Sikumbuki kuita. Nilikaa kwenye ngazi za kanisa kwa muda mrefu na watu walidhani ni miiba.

Nikamwambia Abdías aitume hivyohivyo.

Jumatano, 19 Februari

Nahúm alituma salamu kupitia Abdías kwamba nipande Msalabani saa tisa alasiri. Nikapanda na fimbo. Abdías alinisindikiza, akasimama mbali kidogo akiangalia miti.

Yaretzi alikuja kwenye simu kwanza. Sauti yake! Anaongea Kihispania cha kule, maneno yamechanganyika kama supu. Akasema ameitazama filamu mara nane. Akaniuliza kama kuku alipona. Nikamwambia alipona, anakusalimu. Akacheka. Nikataka ulimwengu usimame hapo.

Kisha Nahúm. Akauliza mkono. Akauliza mgongo. Akauliza ni nani anachimba njia. Nikasema vijana. Akasema, "Baba, Abdías ameniambia." Nikamtazama Abdías. Akatazama mti.

Amemwambia yote. Nani anashika beleshi. Na nani alinyoosha mkono siku ile.

Ningependa angefoka. Nilikuwa na majibu kumi ya kufoka. Hakufoka. Akasema mama alipokufa hakuja kwa sababu hakuweza, si kwa sababu alikosa wa kumwita. Alikaa bafuni kwa mwajiri wake saa nzima maji yakitiririka ili wasimsikie. Akasema kila siku ananyoosha mguu wa kuja, na kila siku anamwona Yaretzi anafunga mkoba wa shule, anaurudisha. Akasema asingependa kusikia tena kwamba baba yake wa miaka sitini na mitatu anabeba sururu kwa jina lake.

Nikasema mwanangu, mimi nataka tu kukuona. Ni mara ya kwanza kuisema hivyo, kavu, bila mbinu. Akasema najua, baba. Dakika za simu zikaendelea kwenda.

Mwishoni akasema ataandika barua kwa mkutano. Kuna mwanamke wa kijiji cha pili anarudi kumuuguza mama yake, atampa ailete. Kwa mkono wake, na sahihi.

Barua kwa mkono wake na sahihi! Sheria inavyotaka! Mtu anayekataa haandiki, hukata simu. Nimemwambia Abdías kwamba atapata mwenzake wa kuendesha baiskeli. Abdías alinishika bega, akarudi kuutazama mti. Kijana mwenye aibu.

Jumamosi, 1 Machi

Mashindano. Naandika mambo mawili tu, mengine sina nguvu.

La kwanza. Njia ilikuwa nzuri. Waendeshaji sabini na wawili, kutoka Oaxaca mjini, Puebla, wengine kutoka nchi ambazo sijui kuzitamka, wakashuka kutoka Msalabani hadi mtoni bila hata mmoja kuvunjika. Kona yangu mbele ya nyumba walipita kwa kasi hadi sikuona nyuso. Hakuna aliyepata pancha, ingawa nilimwaga misumari michache kando, si katikati, kando tu. Nimepata pancha moja: toroli jipya la Teódulo.

Mtoni, watu walipokwisha kula, mtu wa kipaza sauti akasema njia hii ni bora kuliko zote alizoshuka mwaka huu, na anamwomba Mkuu wa Njia, Nahúm Yescas, asimame apigiwe makofi. Watu wote wa kijiji wakaangalia sahani zao. Mtu wa kipaza sauti akaita tena. Nahúm Yescas! Yupo? Ng'ambo ya mto mwamba ukaitikia jina.

Nikasimama mimi. Nikavua kofia. Wageni wakapiga makofi kwa dakika nzima, wengine wakapiga miluzi, na mmoja akanipiga picha. Teódulo alikuwa wa kwanza kupiga makofi upande wetu. Hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

La pili. Yule mwanamke amefika na barua. Juu imeandikwa: Kwa Mkutano Mkuu wa Santa Rufina. Si yangu. Nikaenda nayo kwenye banda la zana, nikaifungua.

Nimesoma mara moja. Nikasoma tena nikidhani nimeruka mstari. Anaomba jina lake lifutwe. Anasema anaifahamu sheria na anaiheshimu, na hataki baba yake atumikie badala yake. Kiwanja apewe Abdías, ambaye yupo na hana. Mwisho ameandika: "Nawaomba tu mtakapofyeka makaburi, mfyeke na kwa mama yangu, maana baba akizeeka hataweza, na mimi sitakuwa na haki ya kumfyekea."

Nilikaa juu ya toroli. Mimi ndiye niliyemfukuza. Alikuwa mbali, lakini alikuwa wetu. Nilinyoosha mkono nimvute, nikamsukuma nje kabisa. Nililia mpaka mgambo akaja kuuliza kama kuna zana imepotea.

Jumapili, 2 Machi

Mkutano mkuu. Watu mia moja na hamsini, wengi kuliko safari iliyopita. Doña Hermelinda akaliita jina la Nahúm Yescas. Akauliza: amefika, au ameandika?

Nikasimama na barua. Akasema nisome.

Nikasoma.

Nilisoma vizuri, taratibu, kwa sauti ya redio. Nahúm anawasalimu wote. Nahúm anakubali kwa moyo mmoja. Nahúm anaona mwaka mmoja hautoshi kwa kijiji kilichomlea, anaomba awekewe miwili. Atafika Jumamosi tarehe kumi na tano, basi la saa nne asubuhi, na mkewe na mwanawe.

Niliiandika jana jioni mezani kwangu, na mkono wa kulia bado una bandeji, kwa hiyo mwandiko umetoka mbaya kama wake kabisa. Sahihi ilinichukua karatasi nzima ya majaribio.

Makofi! Safari hii hayakuwa ya mshangao. Watu walisimama. Doña Hermelinda alijifuta macho kwa orodha yenyewe ya kijiji. Karani akaandika miaka miwili mbele ya jina, kwa wino. Teódulo alivuka ukumbi, akanikumbatia akilia wazi, akasema amenikosea, kompadre, amenikosea sana, alidhani mtoto ametusahau. Kisha akapendekeza bendi ya kijiji iwe kituoni siku hiyo, tarumbeta zote na ngoma kubwa. Ikapita kwa kauli moja. Mimi pia nilinyoosha mkono, ningefanyaje?

Abdías hakupiga makofi. Alitoka nje. Komadre Eustolia alibaki amekaa, akaitazama ile karatasi, akanitazama, akatikisa kichwa. Walipoanza kutoka akanipitia na kuniambia sikioni: "Kompadre, barua ya kule mbali, mbona ina doa la kahawa ambalo halijakauka?" Nikasema wao pia wanakunywa kahawa. Akaniuliza utafanya nini. Nikasema nitapaka rangi chumba.

Na nimepaka! Kuta mbili leo, rangi ya samawati, ya mtoto wa kike. Nimeazima kitanda kipana kwa padri. Nimemwambia mwokaji aoke mkate wa watu watatu kwa ajili ya tarehe kumi na tano, na awe mlaini, maana sijui meno ya mtoto wa miaka saba yakoje, kama yameanguka au yameota. Jina lipo kwenye orodha. Bendi inafanya mazoezi, naisikia kutoka hapa, tarumbeta ya kwanza inakosea palepale kila mara. Tuna siku kumi na tatu. Mambo yote yamekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na nashangaa kwa nini jana nililia.

Limebaki jambo dogo tu, nalo si la haraka: kumwambia Nahúm.